Deni Haliachi Chuo

Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, hii tunayoijua kama HELB, ina kifungu cha 15. Kila mtu aliyewahi kupokea hela za bodi hiyo angefaa kukisoma, na karibu hakuna anayekisoma. Kwa maneno yangu, kinasema hivi: aliyekopeshwa ataanza kulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo, au ndani ya muda wowote ambao Bodi itaamua kuudai mkopo wake, lolote litakalotangulia.

Nimekisoma mara nyingi. Kila nikikisoma namtafuta mtu mmoja humo ndani na simwoni. Yuko aliyemaliza masomo. Iko Bodi, yenye uwezo wa kudai pesa zake inapotaka. Aliyeacha chuo katikati hatajwi. Yeye anaangukia kwenye lile neno dogo, "au".

Nina sababu ya kumtafuta. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa tatu. Sikufukuzwa na sikufeli. Karo ilikwama nyumbani, muhula ukapita, wa pili ukapita, nikaanza kuandikia watu makala kwa malipo ya kazi moja moja, na maisha yakashika njia hiyo. Kisa changu hakina upekee wowote. Uliza kwenye matatu yoyote inayotoka Githurai asubuhi, utapata wenzangu. Kila mmoja atakueleza alichopoteza alipotoka: kitanda cha hosteli, kitambulisho cha maktaba, marafiki, heshima kidogo kwa shangazi zake. Deni ndilo kitu pekee ambacho hakuna anayekipoteza.

Nilitaka kujua tulifikaje hapa. Nilidhani nitakuta hadithi ya wanafunzi wakaidi wasiolipa, kwa sababu ndiyo tunayosikia kila mwaka redioni. Nilichokuta ni hadithi ya serikali na kumbukumbu yake: ilikuwa ikikumbuka nini, ikisahau nini, na ilianza lini kumkumbuka kila mtu.

Shamba ndilo mdhamini

Mikopo ya wanafunzi haikuanza na HELB. Ilianza 1952, chini ya serikali ya kikoloni, kupitia mfuko ulioitwa Hazina ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Ulikuwa wa watu waliokwenda kusoma nje ya Afrika Mashariki: Uingereza, Marekani, Muungano wa Kisovieti, India, Afrika Kusini. Na haukutolewa kwa kuangalia sura. Ulitaka dhamana: hatimiliki ya shamba, bima, au ahadi ya maandishi ya mdhamini.

Hebu fikiria hatimiliki ilimaanisha nini mwaka ule. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Mpango wa Swynnerton, uliofungua njia ya kupima na kusajili mashamba ya Waafrika kwa majina yao, ulikuja 1954. Kabla ya hapo Mwafrika mwenye karatasi ya shamba alikuwa adimu. Kwa hivyo mkopo huo, tangu siku ya kwanza, uliwafaa waliokuwa tayari na kitu.

Lakini kwa mtu ninayemtafuta, mfumo ule ulikuwa na jibu lililo wazi. Ukiacha masomo, aliyekukopesha hana haja ya kukuuliza kwa nini. Ameshika karatasi ya shamba. Hasara yako inakaa kwenye udongo wa baba yako, na kila mtu anajua hivyo kabla hujapanda meli.

Miaka michache baadaye likaja deni la aina nyingine. Kuanzia 1959 Tom Mboya na marafiki zake Wamarekani walianza kupeleka vijana wa Kenya kusoma Marekani kwa ndege. Ndege ya kwanza, Septemba 1959, ilibeba wanafunzi 81. Vyuo vya huko vilitoa nafasi na ufadhili, lakini nyumbani watu walichanga. Waliandaa karamu za chai, wakauza ng'ombe, wakatoa senti zao kwa ajili ya mtoto wa jirani aliyeitwa na chuo ambacho hawangeweza kutamka jina lake.

Hilo halikuwa deni la sheria. Hakuna aliyetia sahihi. Hata hivyo aliyerudi bila digrii alijua vizuri anadaiwa na nani, kwa sababu angekutana nao sokoni. Kumbukumbu ya deni ilikuwa kwenye vichwa vya watu, na watu wana tabia nzuri: wanaweza kukasirika leo, na kesho wakakusamehe, hasa wakiona umerudi na ufundi fulani au umefungua shule kijijini.

Miaka ambayo kutoka hakukuwa na bei

Baada ya uhuru mkopo ulisimamishwa. Ufadhili ulikuwa mwingi, wasomi walikuwa wachache, na serikali mpya ilihitaji watu wa kukalia viti vya Wazungu walioondoka. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilizaliwa 1963, kikiwa na Nairobi, Makerere na Dar es Salaam ndani yake, Julius Nyerere akiwa mkuu wake. Kilidumu hadi 1970, kila nchi ilipochukua chuo chake. Mwanafunzi wa miaka hiyo aligharamiwa na serikali.

Mfano ninaoupenda wa kipindi hicho ni wa Ngũgĩ wa Thiong'o. Baada ya digrii yake ya Makerere alikwenda Leeds, Uingereza, kwa shahada ya pili. Aliondoka 1967 bila kuimaliza, akiwa na riwaya ya *A Grain of Wheat* mkononi, akarudi kufundisha Nairobi. Watu husimulia kisa hiki kama kichekesho cha wasomi: mwandishi mkubwa hakumaliza tasnifu. Mimi naona kitu kingine. Ngũgĩ alikuwa amesoma kwa ufadhili, si kwa mkopo. Alipotoka, hakuna hesabu iliyomfuata nyuma. Hakuna mwajiri aliyemtaka alete cheti cha kuonyesha hadaiwi. Aliruhusiwa kupimwa kwa alichokuwa nacho, si kwa alichoacha.

Sisemi kila anayeacha chuo ana riwaya begani. Wengi wetu tuna simu yenye kioo kilichopasuka na madeni ya Fuliza. Ninachosema ni kwamba zamani nchi hii iliwahi kuwa na mpango ambao kuondoka kulikuwa kuondoka tu.

Bumu

Mambo yalibadilika 1974. Wanafunzi walikuwa wameongezeka na serikali ya Kenyatta ikaona haiwezi tena kumlipia kila mtu. Ukaanzishwa Mpango wa Mikopo ya Wanafunzi wa Vyuo Vikuu, chini ya Wizara ya Elimu. Wakenya waliokuwa Nairobi, Makerere na Dar es Salaam wangekopeshwa karo na pesa za matumizi, kisha walipe wakimaliza.

Zile pesa za matumizi ndizo wazazi wetu waliziita bumu. Ukikaa na mtu aliyesoma miaka ya sabini au themanini na umtajie neno hilo, uso wake unabadilika. Atakuambia suti aliyonunua, redio, viatu vya mama yake, karo ya mdogo wake aliyekuwa sekondari. Bumu lililisha watu ambao hawakuwahi kukanyaga chuo.

Lakini ndani ya mpango huo kulikuwa na shimo. Haukuwa na sheria ya kuwezesha serikali kukusanya pesa zake. Kulikuwa na fomu, kulikuwa na faili wizarani, basi. Na wanafunzi, pamoja na wazazi wao, waliamini kwamba hizo ni pesa za serikali na serikali ni yetu, kwa hivyo ni zawadi. Deni lilikuwapo, ila aliyedai alikuwa amelala.

Sasa weka juu ya hapo historia ya vyuo vyenyewe. Miaka hiyo chuo kingeweza kufungwa kwa amri ya jioni moja. Chuo cha Nairobi kilifungwa Januari 1969 baada ya wanafunzi kuteta kwamba Oginga Odinga amezuiwa kuja kuwahutubia, na Ngũgĩ akajiuzulu ualimu kwa sababu ya sakata hiyo. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka mmoja. Wanafunzi walirudishwa vijijini na kutakiwa kuripoti kwa machifu. Titus Adungosi, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, alifungwa gerezani na hakutoka hai, alikufa 1988. Mwaka 1987 mwenyekiti mwingine, Robert Wafula Buke, alihukumiwa miaka mitano, chama kikapigwa marufuku, na makumi ya wanafunzi wakafukuzwa.

Nawataja hawa kwa sababu tunapozungumza kuhusu kuacha chuo tunapenda kufikiria mtu mvivu aliyechoka na mihadhara. Kwa miaka mingi nchini Kenya, sababu kubwa ya mtu kukosa kumaliza kwa wakati ilikuwa serikali yenyewe, ile ile iliyokuwa imemkopesha. Ilimpa pesa ili asome, halafu ikafunga lango. Na wakati huo wote lile faili liliendelea kukaa wizarani, halina haraka.

Serikali inaamka

Mwaka 1988 tume ya Kamunge ilipendekeza kwamba wazazi na wanafunzi wachangie gharama za elimu. Mashirika ya fedha ya kimataifa yalikuwa yakisukuma jambo hilo hilo. Kufikia 1991 bumu la zamani lilikuwa limeondolewa, wanafunzi wakatakiwa kulipa karo ya shilingi 6,000 na kujinunulia chakula kwenye mkahawa, kula kadiri ya mfuko wako. Makomredi waliandamana, vyuo vikafungwa, na mwishowe mpango ukapita. Kusota kwa mwanafunzi wa chuo kama tunavyokujua leo, chapati moja na maharagwe ya kukopa, kulianza rasmi hapo.

Julai 1995 Bunge lilipitisha Sheria ya Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, Sura ya 213A. Hapa ndipo historia yetu inapogeuka. Bodi hiyo haikupewa tu kazi ya kutoa mikopo mipya. Ilipewa uwezo wa kukusanya mikopo yote ambayo serikali ilikuwa imewapa wanafunzi tangu 1952. Soma mwaka huo tena. Mtu aliyekopa kabla ya uhuru, aliyekopa wakati wa Kenyatta, aliyekula bumu la 1979 na kulisahau, wote wakaingizwa kwenye daftari moja. Faili zilizolala zikaamshwa.

Na safari hii daftari lilikuwa na miguu. Waajiri walitakiwa kisheria kumtaja mfanyakazi aliyekopeshwa, kukata sehemu ya mshahara wake na kuituma kwa Bodi. Baadaye majina ya wasiolipa yakaanza kupelekwa kwenye mashirika yanayoweka rekodi za wakopaji, yale ya CRB. Kikazaliwa pia kile cheti cha kuonyesha hudaiwi, kilichojiunga na kile cha polisi, cha kodi na vinginevyo kwenye bahasha ya kila anayetafuta kazi. Ilibidi sheria ya ajira ibadilishwe 2022 ili mwajiri asidai vyeti hivyo kabla hajakupa kazi yenyewe.

Sitaki kuidharau kazi hiyo. Pesa zinazolipwa ndizo zinazomkopesha mtoto wa Turkana anayejiunga na chuo mwaka huu. Mfuko unaozunguka ni wazo la haki kabisa, na dawa ya deni ni kulipa. Lakini mfumo mzima ulijengwa ukimtazama mtu mmoja: mhitimu mwenye mshahara. Mwaka mmoja wa kupumua baada ya mahafali, kisha mwajiri akate kidogo kidogo. Kwa mtu huyo mpango una mantiki. Digrii inaleta kazi, kazi inalipa digrii.

Aliyeacha chuo hana digrii ya kulipa deni la digrii.

Hesabu ya anayetoka

Wacha tufanye hesabu, kwa sababu makala nyingi za mambo haya huishia kwenye huruma.

Chukua mwanafunzi wa mfumo wa zamani, ambao karo yake katika chuo cha umma ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka. HELB ingemkopesha, tuseme, 45,000 kwa mwaka. Sehemu ndogo ilikwenda chuoni moja kwa moja, nyingine ikaingia kwenye akaunti yake kila muhula. Riba ya mkopo wa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Anasoma miaka miwili, anaondoka. Anadaiwa 90,000 na riba juu yake.

Jambo la kwanza linalotokea ni kwamba pesa zinakauka. Mkopo unaombwa upya kila mwaka, na chuo kinapaswa kuwa kinakutambua kama mwanafunzi wake. Hukujisajili, hakuna kinachoingia. Hili kila mtu analijua, linajulikana siku ile ile unapokosa kulipa kodi ya keja.

Jambo la pili halijulikani mapema. Pesa zilizokwisha kupokelewa zinabaki deni, uwe ulifanya mtihani wa muhula ule au hukufanya. Sheria inaruhusu adhabu ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi kwa asiyelipa muda wake ukifika. Kwa deni la 90,000, adhabu peke yake inafikia deni lote kwa miezi 18. Mwaka 2022 Mahakama Kuu ilisema riba na adhabu za HELB zifuate kanuni ile inayozibana benki, kwamba nyongeza zote zisipite kiasi kilichokopwa. Hiyo ilikuwa afueni. Bado inamaanisha 90,000 inaweza kuwa 180,000, kwa mtu anayeuza viatu vya mitumba Gikomba au anayeandika makala kama hii.

Jambo la tatu ndilo linaloniuma zaidi, na linahusu chuo. Wengi wanaoacha huacha kwa sababu ya salio la karo. Na vyuo vingi havitoi matokeo rasmi kwa mwenye salio. Kwa hivyo unatoka ukiwa umefaulu kozi kumi na sita, ishirini, na huna karatasi hata moja ya kuonyesha. Mimi nilipouliza ofisini, karani alinitazama kwa upole akasema, "Dada, hapa hatuna kitu cha mtu wa nusu." Nilimwelewa. Hakuwa akinitukana, alikuwa akinieleza mfumo. Chuo hakina kitu cha mtu wa nusu, lakini kwenye mkopo nusu ina hesabu kamili, hadi senti ya mwisho.

Na sheria ya kutuponya ipo tayari, upande wa masomo. Mwaka 2014 Bunge lilipitisha Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kielimu. Moja ya malengo yake ni kuwezesha mtu kukusanya alichosoma na kukihamisha kutoka taasisi moja hadi nyingine, ili miaka yako miwili ya chuo ihesabiwe ukijiunga na chuo cha ufundi, kwa mfano. Kwenye karatasi, nusu inatambuliwa. Mtaani sijakutana na mtu aliyehesabiwa.

Kwingine wanahesabu siku

Kuna nchi ambazo zimemfikiria anayetoka, hata kama si kwa upendo. Marekani, ambako Mboya alipeleka vijana wetu na ambako watoto wa Wakenya wengi wanasoma leo, ina kanuni iliyotokana na marekebisho ya sheria ya elimu ya juu ya 1998. Mwanafunzi anayetumia misaada ya serikali kuu akiacha masomo katikati ya muhula, chuo kinahesabu siku. Umekaa asilimia 30 ya muhula, umestahili asilimia 30 ya msaada wako. Kinachobaki kinarudishwa, sehemu na chuo, sehemu na wewe. Ukivuka asilimia 60, umestahili wote. Mikopo yako yenyewe unapewa miezi sita kabla ya kuanza kuilipa, kama anavyopewa aliyehitimu.

Si mfumo wa huruma. Kuna watu huko wanaoshtuka kupata ankara kutoka chuoni wiki chache baada ya kuondoka, kwa sababu chuo kimerudisha pesa za serikali na sasa kinawadai wao. Lakini tazama tofauti. Sheria yao imekubali kwamba mtu anaweza kuondoka tarehe 14 Oktoba, ikauliza: sasa huyu tumfanye nini? Yetu inaruka kutoka siku ya kupokea hadi siku ya kuhitimu, kana kwamba katikati hapakai watu.

Na katikati panazidi kujaa. Mei 2023 serikali ilizindua mfumo mpya wa kufadhili vyuo. Wanafunzi walipangwa kwa makundi kulingana na uwezo wa familia zao, kila mmoja akapewa mchanganyiko wa ufadhili, mkopo na mchango wa nyumbani, na karo ikawekwa karibu na gharama halisi ya kozi. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha katiba, na kesi ikaendelea kwenye rufaa. Mawakili wataamua lao. Kwa mwanafunzi anayeondoka, jambo ni moja: ule ufadhili haulipwi, ila sehemu ya karo sasa nayo ni mkopo. Anayetoka mwaka wa pili leo anaweza kuondoka na deni linalolifanya langu lionekane la duka la mtaani.

Kabla hujaondoka

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Siku HELB inapoingia, hosteli nzima inanukia kuku. Siku ya kulipa uko peke yako.

Kama umekaa mahali ukisoma haya huku ukipiga hesabu za kuondoka, sitakuambia ubaki. Sijui kilicho nyumbani kwenu. Nitakuambia mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wako. Uliza kwanza kuhusu kuahirisha masomo, kwa sababu aliyeahirisha bado ni mwanafunzi na aliyetoweka si chochote. Kila chuo kina kanuni zake za muda, zisome. Ukiondoka kabisa, ondoka kwa barua, upate nakala iliyopigwa muhuri yenye tarehe. Ijulishe Bodi, uombe mpango wa kulipa kidogo kidogo unaolingana na unachopata, kabla adhabu haijaanza kuhesabu. Na wakumbuke wadhamini wako wawili. Zamani ilikuwa karatasi ya shamba. Siku hizi ni namba ya kitambulisho ya mjomba wako na ya mwalimu wako wa zamani.

Hayo ni ya mtu mmoja mmoja. Lililobaki ni la wote. Tangu 1952 nchi hii imebadilisha mpango wake wa mikopo mara kadhaa, na kila mara ilijifunza kukumbuka deni vizuri zaidi. Haijajifunza bado kumkumbuka mdaiwa. Sheria imewahi kuandikwa upya kwa ajili ya watu waliokopa miaka 43 kabla yake. Haiwezi kushindwa kuandika mstari mmoja kwa ajili yetu: kwamba aliyeacha masomo kabla ya kumaliza atapewa mwaka ule ule wa kupumua anaopewa mhitimu, atalipa kulingana na kipato chake, na chuo kitampa rekodi ya kila kozi aliyofaulu, hata kama anadaiwa.

Pesa zao tutalipa. Nazo kozi zetu zihesabiwe.